Mke Wangu Alipokubali Kunitii

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi mke wangu hakuwa wangu. Saa nane mchana Salome alifunga kitambaa kichwani, akamweka mtoto mgongoni, akaenda kwenye ushirika wa waliookoka, nyuma ya kanisa letu hapa Malaba. Mimi nilibaki barabarani kwenye kazi yangu. Ni dalali wa mahindi. Mtu wa Uganda ana mahindi, mtu wa Kenya anayataka, na mimi nasimama katikati kuhakikisha hakuna anayefurahi sana. Magunia nayahesabu mara mbili, yakiwa chini na yakiwa juu ya lori, kwa sababu gunia linaweza kupotea kati ya bega la mpakiaji na bodi ya gari, na hakuna atakayejua limekwenda wapi.

Jioni nilirudi na habari njema. Nilikuwa nimepata chumba Busia mjini, hatua chache kutoka sokoni. Busia kuna biashara ya kila aina. Malaba ni malori tu, foleni juu ya foleni. Nilimwambia Salome akiwa jikoni, nikiwa nimejiandaa kushukuriwa.

"Ni vizuri," akasema. "Nitaipeleka kwa ndugu."

"Utapeleka nini?"

"Hiyo ya kuhama. Alhamisi ijayo."

"Salome, umeolewa na mimi ama na ndugu?"

"Na wewe. Lakini ndugu hawanidanganyi bei ya nyanya."

 Bei ya nyanya nilikuwa nimemdanganya kweli, wala sikufaidika na kitu. Ni mazoea ya kazi tu.

Niwaeleze hao ndugu. Watu wa ushirika wana desturi yao. Jambo kubwa haliamuliwi nyumbani. Ukitaka kununua ng'ombe, kuozesha binti au kusafiri mbali, unalipeleka katikati ya wenzako, unaliweka nuruni, wanaliombea, kisha wanakuambia. Ukikosea, unasimama mbele ya wote na kulitaja kosa kwa jina lake. Mimi sikuwa mmoja wao. Nilikuwa mtu wa Jumapili. Naketi karibu na mlango, naimba nyimbo ninazozijua, natoka.

Mkubwa wao alikuwa Mzee Yokana, fundi wa baiskeli, ambaye kibanda chake cha mabati kilikuwa karibu na reli. Alikuwa na koti moja, pampu moja, na karai la maji la kutafutia pancha. Hakuwa na kitu ambacho mtu mwenye akili angemwonea wivu, na mimi nilimwonea wivu kila siku. Yeye akimwambia Salome subiri, Salome anasubiri. Mimi nikimwambia chumvi imekwisha, anaenda kufungua kopo aangalie. Mke akimpenda mwanaume mwingine, angalau unajua mlango wa kwenda kugonga. Mimi ningegombana na nani? Na mzee wa miaka sabini mwenye gundi vidoleni?

Alhamisi iliyofuata jibu lilikuja. Ndugu walisema tungoje kwanza uchaguzi upite.

Uchaguzi ulipita. Kilichofuata, wanaoandika magazeti wanakiita ghasia. Sisi tuliolala chini ya vitanda tunakiita vita, na sijaona sababu ya kuwapunguzia hapo.

Matokeo yalitangazwa jioni. Asubuhi barabara ilikuwa imefungwa kwa mawe na matairi yanayowaka. Foleni ya malori haikusogea tena. Madereva walikimbilia ng'ambo na funguo zao mifukoni, turnboy, wasaidizi wao, wakabaki kulinda mizigo kwa siku moja, kisha nao wakaondoka. Vijana walishika pinde na mapanga. Wengine niliwajua, walikuwa wapakiaji wangu. Askari walikuja na bunduki. Nyumba za watu wa kutoka mbali zilianza kuchomwa, na moto ulipofika kwa jirani haukuuliza ukuta ni wa nani.

Siku ya tatu niliona maiti ya kwanza. Alikuwa mwanaume, amelala kifudifudi karibu na kibanda cha chai, kiatu kimoja mguuni. Nilitafuta cha pili kwa macho. Sijui kwa nini. Nilikitafuta mpaka mtu akanivuta shati.

Mchana huo nilimchukua Salome na mtoto wetu Eunike, ambaye hakuwa ametimiza mwaka, tukaingia kanisani.

Mama mkwe alitukuta huko. Alikuwa ametembea kutoka kijijini kwake Chakol peke yake, na kikapu kichwani, akipita mashambani kwa sababu barabara ilikuwa mbaya. Kwangu asingelala hata kama paa lingekuwa la dhahabu. Mimi ni mtu wa Marachi, yeye ni Mteso, lakini kwa jambo hilo nyumba zetu zinasema lugha moja: mkwe na mama mkwe hawagusani, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja, na wakikutana njiani mmoja anaacha njia. Watu wa ushirika walikuwa wameyaacha hayo. Wao walishikana mikono na wakwe zao, wakacheka. Mama mkwe hakuwa wa ushirika, na mimi pia. Katika mambo yote ya duniani tulipatana hapo tu. Kanisani alikaa na wanawake upande wa madhabahu, mimi nikakaa na wanaume upande wa mlango, na katikati yetu palikuwa na mabenchi tisa.

Tulikuwa watu sitini na saba, pamoja na wachanga. Nilihesabu mara mbili.

Mzee Yokana alisimama jioni ile, na hakuhubiri. Alisema, "Wapendwa, tukae pamoja. Mtu asitoke ovyo. Anayetaka kitu aseme, tutatafuta." Ni hayo tu. Watu wakaitikia amina kama waliopewa karatasi yenye mhuri.

Mimi nilitoka kila siku. Mtu wa barabara hawezi kukaa ndani bila habari. Nilizunguka nyuma ya maduka, nikasikiliza, nikarudi na nilichopata: unga kidogo, na uvumi mwingi. Siku ya tano nilisikia redioni, kwa muuza betri, kwamba upande mwingine wa nchi watu waliojificha kanisani walichomwa humo ndani.

Nilirudi nikikimbia. Nilimwambia Mzee Yokana pale mlangoni.

"Nimesikia pia," akasema.

"Na bado tunakaa?"

"Tunakaa."

"Mzee, hapa kuna madirisha manne na mlango mmoja. Nimehesabu. Mto uko karibu, ng'ambo ni Uganda, wana shule wanapokea watu. Tutoke sasa, kukiwa mchana."

"Wazee na wajawazito watavuka vipi, Wandera? Njia ya mtoni ndiyo wanayokimbilia wale vijana askari wakiwafukuza. Tukae."

Hakukosea. Wala mimi sikukosea. Nimelipima jambo hili kwa miaka mingi na bado mizani inakataa kulala upande mmoja. Lakini wakati ule sikupima chochote. Nilichoona ni Salome, mabenchi sita mbele yangu, akimsikiliza yule mzee kwa uso ambao sikuwahi kuuona nikiwa ninasema mimi.

Nilimwita nje, nyuma ya choo, mahali pekee ambapo hapakuwa na ndugu.

"Chukua mtoto. Tunavuka."

"Mzee amesema tukae."

"Mimi nimesema tuvuke."

"Ngoja tuombe."

"Salome, umeomba miaka sita. Leo chagua. Huyu fundi wa pancha ama mimi. Neno la Mungu, unalolisoma wewe mwenyewe, linasema mke amtii nani? Nisomee. Linasema amtii fundi wa baiskeli?"

Hiyo ndiyo njia ninayonunulia mahindi. Unatafuta kitu ambacho mwenzako hawezi kukikana, unakiweka juu ya meza, unanyamaza. Salome aliniangalia muda mrefu. Eunike alikuwa akivuta kitambaa chake.

"Mama yangu je?"

"Mama atakuja na sisi."

Alirudi ndani. Nilimwona akipiga magoti, kisha akasimama mbele ya wote, kama wanavyofanya.

"Ndugu," akasema, "mume wangu ameamua tuvuke. Moyo wangu haujapata amani, nasema ukweli. Lakini nimeamua kumtii. Mtuombee."

Nitasema jambo ambalo sikulisema kwa mtu yeyote kwa miaka. Nilifurahi. Nje risasi zilikuwa zinalia upande wa stesheni, mke wangu alikuwa amesema mbele ya watu wote kwamba anaogopa, na mimi nilimtazama Mzee Yokana usoni nione kama imemuuma.

Haikumuuma. Alikuja, akaweka mikono kichwani kwa mtoto, akatuombea, akasema, "Nendeni na Bwana. Wandera, mshike vizuri mama." Aliposema mama nilidhani anamaanisha Salome.

Tulitoka saa tisa. Jua lilikuwa kali. Nilitangulia, Salome akafuata na Eunike mgongoni, na nyuma kabisa, kama inavyotakiwa, mama mkwe na kikapu chake. Hatua thelathini. Nikisimama, anasimama. Nikiongeza mwendo, anaongeza. Hatukuzungumza. Kama nilikuwa na jambo la kumwambia, nilimwambia Salome, naye akageuka kumpelekea mama yake.

Tulipita kwenye shamba la muhogo, kisha kwenye matete. Mto ulikuwa umepungua kwa kiangazi. Maji yangefika mapajani.

Nilimvusha Salome kwanza. Nilimshika mkono, akapita na mtoto, tukafika ng'ambo. Niligeuka.

Mama mkwe alikuwa amesimama ukingoni upande wa Kenya. Hakuingia majini.

"Mwambie aje," nikasema.

Salome aliita kwa Kiteso. Mama akajibu maneno machache, akiangalia pembeni.

"Amesema nini?"

"Anasema hawezi kupandisha gomesi mbele yako."

Gomesi ni vazi refu na zito. Likilowa linakuvuta kama mtu. Ili avuke ilibidi alipandishe mpaka mapajani, na mkwe wake alikuwa amesimama palepale akimwangalia. Nilimwelewa kabisa. Mama yangu mzazi angefanya vilevile.

Ningeweza kurudi, nikambeba. Alikuwa mwepesi, mwanamke wa kula mara moja kwa siku. Ni hatua ishirini za maji. Niliwaza hivyo, na papo hapo nikawaza kwamba hakuna mtu aliyewahi kufanya jambo hilo, na kwamba yeye mwenyewe angeona afadhali abaki. Nilifanya lililo la heshima.

"Mwambie tunaenda mbele. Nitageuka. Avuke."

Nilimshika Salome mkono, tukaingia kwenye matete. Nikageuza mgongo.

Nilisikia miguu kwanza. Miguu mingi, upande ule mwingine, ikikimbia. Vijana walikuwa wanakuja mtoni.

Kisha askari nyuma yao.

Risasi tatu.

Salome alitaka kugeuka. Nilimkandamiza chini pamoja na mtoto, mkono wangu juu ya kichwa chake.

Risasi nyingine. Maji yakipigwapigwa. Mtu akitaja jina la mama yake, si mama yetu.

Kimya.

Nilipoinua kichwa, vijana walikuwa wameshavuka mto, chini kidogo ya tulipolala. Askari hawakuvuka. Kikapu kilikuwa ukingoni, kimesimama wima, kama mtu alivyokiweka. Mama mkwe hakuwepo.

Siku mbili tulilala kwenye darasa la shule, upande wa Uganda, Salome akitazama mlango. Siku ya tatu wanawake wanaofua nguo walimkuta kwenye kona ya mto. Risasi ilikuwa moja. Gomesi ilikuwa imefungwa vizuri kwa mkanda, mpaka chini kwenye vifundo vya miguu. Aliingia majini bila kuipandisha.

Kumbeba kulihitaji watu wanne, mmoja kila pembe ya blanketi. Walipatikana watatu. Nilisimama mbali kama mkwe, nikasubiri wa nne, na hakuja mtu. Wa nne nikawa mimi. Nilishika pembe ya upande wa miguu.

Tulirudi Malaba baada ya wiki tano. Nyumba yetu ilikuwepo, bila mlango. Kabla ya kwenda kuiona nilikwenda kanisani. Niliuliza kila mtu habari za kila mtu. Tulipotoka sisi wanne, walibaki sitini na watatu. Waliotoka hai walikuwa sitini na watatu. Hakuna aliyewagusa. Nilihesabu mara ya pili. Aliyeniona akadhani nafanya hivyo kwa kushukuru. Nilikuwa natafuta kama kuna mmoja aliyekosekana.

Mzee Yokana alinikuta kwenye benchi. Nilijiandaa. Nilikuwa na majibu matatu, moja kali, mawili ya akiba. Hakuniuliza kitu. Nikauliza mimi.

"Mzee, ulijua? Mungu alikuambia kanisa halitachomwa?"

"Hapana."

"Sasa ulisema tukae kwa nini?"

"Sikujua pa kuwapeleka," akasema. "Ningejua, ningewapeleka."  "Kila usiku nilidhani nimewaua."

Ningependa aseme alipewa maono. Maono ningeyabishia. Lakini alikuwa mzee aliyeogopa kama mimi, akasema alichoweza kusema, na watu wakamwamini kwa sababu maisha yake yote hakuwahi kuwaambia uongo, hata wa bei ya nyanya. Wivu wangu ulikuwa umekaa miaka yote juu ya kitu ambacho ningeweza kuwa nacho bila kununua.

Salome hakunilaumu. Alipika, akafua, akalea. Alhamisi alikwenda. Nikimwambia chumvi imekwisha, hakuenda tena kuangalia kopo. Alisema sawa. Sawa hiyo ilikuwa mbaya kuliko ubishi wote wa mwanzo.

Miaka minne ikapita hivyo. Kisha siku moja, Ijumaa, nikiwa barabarani, dalali mwenzangu Ekisa alinijia akicheka, mkono ameunyoosha kutoka mbali.

"Boss Wandera! Hongera bwana, umesamehewa!"

"Na nani?"

"Na mama Eunike. Jana kwenye ushirika. Mke wangu alikuwepo. Anasema alisimama akataja yote, mto, mama yake, wewe. Akasema alikuchukia miaka minne na sasa ameacha. Wakaimba mpaka mabati yakatetemeka. Sasa utanunua soda ama namna gani?"

Sikununua soda. Mahindi ya siku ile nilihesabu mara moja tu, na sijui kama yalitimia.

Salome alikuwa nyuma ya nyumba akichambua omena, dagaa wa ziwani, kwenye ungo. Niliketi juu ya ndoo.

"Nasikia nimesamehewa."

"Nani amekuambia?"

"Barabara nzima. Madereva wa Kongo wanajua. Mimi ndiye wa mwisho."

Hakucheka. Alitoa jiwe dogo kwenye omena, akalitupa.

"Miaka minne tunalala kitanda kimoja," nikasema. "Ungeniambia mimi kwanza. Mara moja tu, kitu kimoja, mimi kwanza."

"Kule nilipeleka dhambi yangu, baba Eunike. Si yako. Chuki ilikuwa yangu, nikaitaja, nikaiacha. Ningekuja kwako kwanza, ungeniuliza nimekusamehe kiasi gani, na nini kimebaki."

Ilikuwa kweli. Swali hilo lilikuwa tayari mdomoni. Nikaliuliza.

"Na nini kimebaki?"

Alitikisa ungo, akapuliza makapi, akautikisa tena. 

"Kukuamini," akasema. "Siku ile nilikutii bila kukuamini. Nilidhani nikitii, imani itakuja nyuma. Haikuja. Bado naingoja."

Maisha yangu yote mtu akinitajia bei, nina neno la kumrudishia.  Siku ile niliinama, nikaanza kumsaidia kutoa mawe.

Imepita miaka mingine tangu hapo. Eunike ni msichana mkubwa sasa, na bado sisi ni mume na mke, tunaishi bila kelele. Watu wakiniuliza nilipoteza nini wakati wa vita, nasema mama mkwe, kwenye mto, na huo ni ukweli. Lakini nikikaa peke yangu najua kile kingine, anachokingoja Salome, sikukipoteza mtoni. Nilikipoteza mapema zaidi siku hiyohiyo, kanisani, Salome aliposimama mbele ya watu akasema anaogopa lakini atanitii, na mimi, badala ya kumuuliza anaogopa nini, nikafurahi.